Mfuko Mkavu

Mfuko ulikuwa mkavu, na wodi nzima ilikuwa inaufurahia isipokuwa Sindano.

Alichuchumaa akautazama tena. Ulikuwa mfuko wa plastiki, umening'inizwa kwenye chuma cha kitanda, na mrija wake ulipanda ukaingia chini ya shuka mpaka kwenye bandeji nene ubavuni mwa mgonjwa. Jana jioni ulikuwa na maji ya rangi ya kutu. Sindano alisubiri yamwagwe, kisha akabandika plasta kwenye kizibo cha chini na kutia sahihi yake juu. Plasta ilikuwa pale pale na sahihi haikuwa imechanika. Kwa hiyo hakuna aliyekuja kuyamwaga maji kwa siri. Maji yenyewe hayakuja.

"Hiyo ni habari njema, Afande," alisema Sista Mkuu, aliyesimama nyuma yake na mikono kifuani. "Tumbo likitulia, mfuko unakauka."

Kama ilikuwa habari njema, Sindano hakujua kwa nini vidole vyake vimekuwa baridi.

Alikuwa inspekta wa upelelezi, na jina hilo alipewa chuo cha polisi kwa sababu ya maswali yake, ambayo yalikuwa membamba na yaliingia kabla mtu hajajua amechomwa. Hapa hospitalini jina lilimletea utani tangu siku ya kwanza. Wauguzi walimwambia sindano wanazo tele, labda wangempokea kama angekuja anaitwa Pamba. Aliwaacha wacheke. Mtu anayecheka hulegea, na aliyelegea husema mengi.

Lakini hadithi yenyewe haikuwa ya kuchekesha. Mfuko wa fundi cherehani nao ulikauka hivi hivi, madaktari wakafurahi, mrija ukatolewa, na fundi akafa na tumbo lililojaa usaha. Mfuko wa mwalimu mstaafu ukakauka, mrija ukatolewa, na mwalimu sasa yuko chumba cha mahututi akipumua kwa mashine. Wote wawili walipasuliwa kongosho, na daktari mmoja. Wote wawili mrija ulivutwa na muuguzi mmoja, binti mpole ambaye ndugu za fundi walimwona kwa macho yao akiuvuta. Binti huyo yuko mahabusu, na mkuu wa kituo anataka kumpeleka mahakamani kesho, maana magazeti yameshaanza kumpigia simu.

Na huyu hapa alikuwa wa tatu.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mchora mabango ya maduka, na rangi ya bluu ilikuwa bado imeganda pembeni mwa kucha zake. Walimkata tumbo lakini mdomo hawakuugusa. Alishamwambia Sindano kwamba kibao cha KIMYA ukutani kiliandikwa na mtu mwenye haraka, ndiyo maana Y yake inapepesuka. Leo hata utani ulimtoka kwa taabu. Kwikwi ilimkatiza kila baada ya maneno machache, na ilipomjia alifumba macho mpaka ipite. Kwenye kabati dogo la pembeni kikombe cha chai kilikuwa kimejaa, kimeshafanya utando.

"Hujanywa chai," Sindano alisema.

"Nimeshiba, Afande."

Sista Mkuu alisema ni woga tu, wengi hawali siku ya kutolewa mrija. Akamtengenezea mgonjwa mto, akapita kitanda cha jirani. Sindano alibaki amesimama, akifikiria jambo moja lililomkaa kooni tangu aingie. Kama mwovu yuko mahabusu, mfuko huu umekaushwa na nani?

*

Sindano alimkuta daktari wa upasuaji kwenye korido ya chumba cha upasuaji, amevaa kofia ya kitambaa, tayari kuingia kwa mgonjwa mwingine. Wauguzi walimwita Daktari Hesabu. Alikuwa bado kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi, na tangu fundi afe alikuwa na tabia ya kuhesabu vidole vyake mwenyewe kwa kidole gumba, kama anahakikisha vipo.

Sindano alimwomba amweleze tena kwa lugha ya mtu asiye daktari. Akaeleza. Kongosho, alisema, ni kiungo chenye kinyongo. Linatengeneza maji ya kuyeyusha chakula, na maji hayo hayajui tofauti ya nyama iliyo sahanini na nyama ya mwenye tumbo. Ukilikata na kulishona kwenye utumbo, na mshono ukivuja, maji yataanza kumla mgonjwa kwa ndani. Ndiyo maana yeye huacha mrija mmoja tumboni, ili kama kuna kuvuja, uchafu utoke nje na wauone mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na tumbo la mtu halijengwi mara mbili.

Ila si kila mgonjwa huvuja, na hapo ndipo hesabu yake ilipoingia. Aliiweka kwenye kompyuta yeye mwenyewe. Unaiambia kama kongosho lilikuwa laini au gumu, damu imepotea kiasi gani, maji ya mrijani yana ukali gani, na yanatoka mengi au machache. Yenyewe inakupa rangi. Nyekundu, mrija unabaki. Kijani, unatolewa.

"Na mchora mabango?"

"Jana alikuwa njano. Leo mfuko umekauka, amekuwa kijani."

"Kama fundi."

Kidole gumba kilisimama. "Kama fundi," alikubali.

Sindano alimwomba amwachie mgonjwa mrija mpaka kesho. Daktari hakukasirika, na hilo ndilo lililomsumbua zaidi Sindano, maana mtu mwenye hatia angekasirika. Alisema mrija usio na kazi ni mlango ulioachwa wazi, na vijidudu haviombi ruhusa kuingia. Amezika wagonjwa waliovuja, na amezika pia waliooza kwa mrija uliokaa sana. Hawezi kuchagua kwa kubahatisha.

"Niletee sababu, Afande," alisema. "Wasiwasi ninao wangu wa kutosha. Nikimaliza huyu, naenda kuutoa."

Mlango ukafungwa, taa nyekundu ikawaka juu yake.

Sindano aliitazama taa hiyo. Ikizima, mchora mabango atatolewa mrija, na kama yeye Sindano hatakuwa amepata sababu, kesho atakuwa anaandika maelezo ya maiti nyingine. Aliogopa, na hakujidanganya kwamba ni kitu kingine.

Alipitia upya alichokuwa nacho. Hesabu ya daktari aliipeleka kwa bingwa wa hospitali nyingine, mzee asiyempenda kijana huyo hata kidogo, na mzee akakiri kwa shingo upande kwamba hesabu ni sahihi. Maabara nayo ilikuwa safi. Chupa zilibandikwa vizuri na maji yalikuwa ya wenyewe. Majalada hayakuwa na doa, kila agizo limeandikwa na kutiwa sahihi. Hesabu haikudanganya. Basi ilidanganywa, na aliyeidanganya ni mfuko.

Binti wa mahabusu naye alisema jambo moja tu la kujitetea, tena kwa sauti ndogo. Kwenye kila mrija kuna kibanio cha plastiki, karibu na ngozi. Kabla ya kuuvuta, muuguzi hukibana ili uchafu usimwagike kitandani. Yeye alipofungua bandeji, mara zote mbili, alikuta kimeshabanwa. Akadhani daktari ametangulia kukibana, akaendelea na kazi. Mkuu wa kituo alicheka aliposikia. Alisema hata mwizi husema alikuta mlango uko wazi.

*

Mjane wa fundi alikuwa kwenye benchi nje ya wodi, mahali pake pa kila siku. Ndugu walishamsihi arudi nyumbani, wengine walinong'ona kwamba ana roho ngumu, maana tangu mazishi hakuna aliyemwona ametoa chozi. Yeye mwenyewe alishamweleza Sindano kwa nini. Hatalia mpaka ajue mumewe amekufa kwa kitu gani. Machozi ya mtu asiyejua, alisema, hupotea njia, na yeye hataki kumlilia mumewe huku amemkasirikia mtu asiyemjua.

Sindano aliketi pembeni yake. Muda haukuwepo, lakini mama huyo hakuwa wa kuharakishwa. Alimwomba amsimulie tena asubuhi ile ya mwisho kabla mrija haujatolewa, hata vitu vidogo, hata vya kipuuzi.

Mjane alisimulia yale yale. Alifika mapema. Mumewe alikuwa na kwikwi, na bega lilikuwa linamuuma, akasema labda amelalia vibaya. Alilalamika kwamba shuka za hospitali zimepindwa na kipofu. Halafu mama akaanza kukunja na kukunjua ncha ya kanga yake.

"Alikataa chai yangu," alisema. "Hilo sikukwambia, niliona ni la kwetu wenyewe. Tangu anioe hajawahi kukataa chai yangu. Na jioni walimwambia kabisa, tunakufungia chakula cha mrija usiku huu ili uamke na njaa, uanze kula kwa mdomo. Nikasema vizuri, nitakuja na chai. Nafika, ananiambia, mke wangu, nimeshiba."

Sindano aliona kikombe chenye utando mbele ya macho yake.

"Aliyefungiwa chakula usiku kucha," alisema taratibu, "ameamka ameshiba."

"Nilidhani ameichoka chai yangu," alisema mjane. "Ndilo nililokuwa nawaza wakati wanamvuta mrija. Kwamba ameichoka chai yangu."

Sindano alimshika mkono, akainuka.

*

Sista Mkuu alikuwa chumba cha dawa, akipanga chupa. Sindano aliingia bila kubisha hodi na kumuuliza nani aliyempa mchora mabango chakula usiku.

"Hakuna. Aliagizwa asipewe."

"Una hakika?"

"Afande, nilimkabidhi mwenyewe kwa muuguzi wa usiku. Hatukabidhiani kwa karatasi peke yake hapa, tunapita kitanda kwa kitanda, mdomo kwa sikio. Nilipofika kwake nikasema, huyu dripu imeisha, dawa ya maumivu ipo, bandeji ibadilishwe, mrija wa kulia ufungwe."

Damu ilimpanda Sindano kichwani. Alikuwa ametafuta siku zote hizo, na mtu alikuwa mbele yake akipanga chupa. Alijiona tena amechuchumaa kando ya kitanda, akiutazama ule mrija ukipanda mpaka kwenye bandeji ya ubavuni. Ubavu wa kulia.

"Kwa hiyo ni wewe," alisema. "Wewe ndiye uliyeamuru ufungwe."

"Ndiyo, mimi. Tatizo liko wapi?"

"Sista, mrija ule ndio unaotoa uchafu. Ukiufunga, uchafu unabaki ndani."

Sista Mkuu alimkodolea macho kama mtu aliyeambiwa mbuzi wake ametaga. Kisha, licha ya yote, akaanza kucheka.

"Afande, mrija wa kulia! Wa kulia chakula! Ule mwembamba unaoingia kwenye utumbo, tunaowapitishia maziwa mpaka waweze kutafuna." Akajigusa tumboni kuonyesha. "Uko hapa. Mrija wa kulia uko kushoto."

Aliposikia maneno yake mwenyewe, kicheko kilikatika.

Wote wawili walitazamana. Sindano ndiye aliyeanza. Yeye ni askari, kosa lake la kusikia halijamuumiza mtu. Lakini usiku alikuwepo nani?

Sista Mkuu alijibu kwa sauti ambayo haikuwa yake. Wodi ina uhaba wa watu. Wakizidiwa huazima muuguzi kutoka wodi ya mifupa, kijana makini kuliko wengi, wanamwita Kaka Mifupa. Jana usiku alikuwepo. Usiku wa kuamkia siku fundi alipotolewa mrija, alikuwepo. Wa mwalimu pia.

"Nenda kitandani kwa mgonjwa," alisema Sindano. "Mtu asiguse mrija mpaka nije."

*

Wodi ya mifupa ilikuwa ng'ambo ya ua. Sindano alivuka akikimbia nusu, akijizuia kwa sababu watu hospitalini wakiona polisi anakimbia nao hukimbia. Humo ndani miguu ilikuwa imening'inizwa kwa kamba na mawe ya uzito, na juu ya kila kiungo kilichosubiri kupasuliwa palikuwa na mshale mweusi wa kalamu, na chini yake neno moja kwa herufi kubwa: KULIA, au KUSHOTO. Hata kwenye kibao cha mlangoni majina ya wagonjwa yalifuatwa na upande. Wodi hii ilikuwa na jinamizi moja tu, kumkata mtu mguu usio wenyewe, na kila aliyefanya kazi humo alifundishwa kusikia upande kabla ya kusikia jina.

Kaka Mifupa alikuwa anafunga plasta kwenye mkono wa mzee mmoja. Alikuwa ameunganisha zamu, na bado mikono yake ilikuwa tulivu. Sindano hakumweleza chochote. Alimwomba tu amwonyeshe, kwenye mwili wake mwenyewe, mrija wa kulia wa mchora mabango ulipo.

Kijana aliweka kiganja kwenye ubavu wake wa kulia, bila kusita.

"Ulipoambiwa ufungwe, ulifanya nini?"

"Nilibadilisha bandeji, nikabana kibanio, nikakifunika kwa ndani ili asikilalie. Kwetu huku ni kawaida, Afande. Tukishapasua goti tunabana mrija kwa muda, damu isitoke nyingi."

"Na maziwa?"

"Maziwa hayakutajwa. Niliyaacha yakaisha yenyewe." Sasa alikuwa anamtazama usoni, akitafuta kitu alichokosea. "Mimi huuliza kila kitu. Waulize hata hapa, nawachosha watu kwa maswali. Hili sikuuliza kwa sababu lilikuwa wazi."

Sindano alimwambia amwache mzee na amfuate. Njiani alimweleza kwa maneno machache, na hakuhitaji mengi. Katikati ya ua kijana alisimama ghafla, akaweka mkono ukutani, kisha akaanza kukimbia kweli kweli, akampita.

*

Walifika pazia limeshavutwa. Taa nyekundu ya chumba cha upasuaji ilikuwa imezimika mapema kuliko Sindano alivyotarajia. Daktari Hesabu alikuwa amevaa glavu, mkasi mdogo mkononi, na uzi ulioshikilia mrija kwenye ngozi ulikuwa umeshakatwa. Upande wa pili alisimama muuguzi wa zamu aliyemwandalia, na miguuni Sista Mkuu, ambaye alikuwa ameomba Afande asubiriwe na hakusikilizwa.

"Afande, nilikwambia uniletee sababu," alisema daktari bila kuinua kichwa. Vidole vyake vilikuwa tayari juu ya mrija.

"Nani amebana hicho kibanio?"

Daktari alikitazama. Kilikuwa kipande kidogo cha plastiki nyeupe, kimeuma mrija karibu kabisa na ngozi, pale ambapo bandeji ilikuwa. Akamgeukia muuguzi wa zamu, kwa sababu ndiyo kazi ya anayeandaa.

"Sijakigusa," alisema muuguzi. "Nimekikuta kimeshabanwa."

Yalikuwa maneno yale yale ya binti wa mahabusu. Sindano alimwona daktari akiyasikia, maana maelezo ya binti alishayasoma na kuyapuuza kama walivyoyapuuza wote.

"Nimekibana mimi," alisema Kaka Mifupa kutoka nyuma ya pazia. "Tangu jana jioni. Niliambiwa wa kulia."

Hakuna aliyeuliza maana yake. Daktari aliachia mkasi, akaushikilia mrija kwa mkono mmoja usichomoke, na kwa mwingine akakifungua kibanio. Kilitoa mlio mdogo.

Kwanza hakukuja kitu. Mchora mabango alikuwa ameukamata mkono wa Sista Mkuu na kuubana, na kwikwi ilimpiga, na Sindano akajikuta anaomba kimoyomoyo, yeye ambaye kazini haombi. Kisha likaja bubujiko moja la hewa, na nyuma yake maji mazito ya kijivu, yenye harufu iliyowafanya wote wageuze nyuso, yakateremka mrijani, yakaingia mfukoni, yakaendelea kuingia. Plasta ya Sindano ililoa. Mfuko ulijaa, wakaleta mwingine.

Mchora mabango alipumua kama mtu aliyevuliwa viatu vya kubana.

"Hayo yote," alisema, "yalikuwa yangu?"

Daktari aliomba uzi, akaushona mrija upya kwenye ngozi, na Sista Mkuu akamshikia taa karibu zaidi bila kuambiwa. Aliagiza maji yapelekwe maabara mara moja, dawa kali zaidi za vijidudu, picha ya tumbo kabla ya jua kuzama, na mrija usiguswe na mtu mpaka yeye mwenyewe aseme. Sista Mkuu aliufunga mrija wa chakula kwa mkono wake. Sindano aliuliza kama ataishi. Daktari alikuwa mkweli, hakujua. Jana hesabu yake ilikuwa njano, alisema, sasa bila shaka ni nyekundu.

"Na nyekundu ni mbaya."

"Nyekundu ninayoiona naweza kupambana nayo," alisema. "Wale wawili nilipewa kijani ya uongo." Alitazama mfuko. "Kwa mrija huu ana nafasi. Ningeuvuta, angekuwa hana."

Mchora mabango alikuwa amesikiliza yote kwa macho yaliyofumbwa. Aliomba aelezwe ni neno gani hilo. Sista Mkuu alimweleza. Mgonjwa alifumbua macho, akautazama mrija.

"Nileteeni rangi," alisema. "Niwaandikie kwenye mirija yenu. Huu CHAKULA KINAINGIA, huu UCHAFU UNATOKA. Bure. Ila kile kibao cha KIMYA lazima nikirudie, hakinipi usingizi."

Kaka Mifupa hakucheka. Alikuwa amekaa chini sakafuni, mgongo ukutani, mikono yake ile tulivu imelala mapajani kama si yake. Sista Mkuu alikwenda akaketi sakafuni pembeni yake na nguo yake nyeupe, mwanamke ambaye hakuna aliyewahi kumwona ameketi akiwa zamu. Alimwambia aliyesema ni yeye. Kijana alimwambia aliyefanya ni yeye.

*

Sindano alipiga simu kituoni kutoka koridoni. Mkuu wa kituo alitaka kujua kama amempata mhalifu. Alijibu kwamba binti atolewe mahabusu leo hii, na yeye mwenyewe atakuja kumwomba radhi. Mkuu aliuliza sasa mahakamani apelekwe nani. Sindano alisema ataandika ripoti, na akakata simu kabla hajasema lililokuwa kwenye ncha ya ulimi.

Hapakuwa na mtu wa kumfunga pingu. Katika kazi yake huwa anafika mwisho wa njia na kumkuta mtu: mwenye tamaa, mwenye wivu, au mlevi. Hapa amefika na kukuta watu makini, kila mmoja amefanya sawasawa na alivyosikia. Angependa awepo mwovu. Ingekuwa rahisi zaidi kumpelekea yule mama.

Mjane alikuwa bado kwenye benchi. Alimwona Sindano akija na akasogea kumpisha, kama anavyofanya kila siku. Sindano aliketi. Alimwambia yote kwa mpangilio, bila kuruka kitu: makabidhiano ya mdomo, kijana wa mifupa, kibanio chini ya bandeji, maziwa yaliyoendelea kuingia usiku kucha.

"Kwa hiyo hakuichoka chai yangu," alisema mjane.

"Hapana, mama. Walimshibisha bila kujua."

Mama alitikisa kichwa polepole. Aliuliza kama kuna mtu aliyemchukia mumewe, na Sindano akasema hakuna. Aliuliza kama kuna aliyefanya makusudi, na Sindano akasema hakuna. Aliuliza yule mwanamke wa leo kama yuko hai, na Sindano akasema yuko hai, na kwamba ni kwa sababu ya kile kikombe cha chai.

"Basi ni neno tu," alisema mjane.

"Ni neno tu, mama."

"Neno gani?"

Sindano alimwambia. Mjane alilirudia kwa midomo bila sauti, mara moja, kisha mara nyingine, kama mtu anayepima kitambaa kabla ya kukikata. Alivua kanga mabegani, akaikunja vizuri, akaiweka magotini.

"Basi nisogezee hiyo nafasi, mwanangu," alisema. "Sasa ninataka kulia."

Sindano akasogea.